Kilo za Mkubwa

Mtu wa kwanza kunieleza kwa nini ndege kubwa huruka na watu wachache alikuwa jirani yetu wa mtaa wa Dilala. Mtaa mzima tulimwita Shefu, kwa sababu alikuwa mkuu wa kituo cha shirika moja la ndege pale Kolwezi. Mke wake alimwita Shefu, padri alimwita Shefu, na mama yangu, ambaye alimzidi umri, alimwita Tata Shefu, yaani baba, na kushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto alipomsalimia. Mimi nimemwita hivyo miaka mingi, na jina lake nalijua, lakini halitoki mdomoni mwangu.

Nyumba zetu zilikuwa zile za zamani za kampuni ya mgodi, za matofali mekundu, mbili mbili, zenye ukuta mmoja katikati. Akikohoa kwake, sisi tulisikia. Ndege kutoka Kinshasa ilikuja mara moja kwa juma, na kabla ya kutua ilipita juu ya mabati yetu, kubwa, nyeupe, mpaka sahani zikatetemeka kabatini. Saa mbili baadaye ilipita tena ikirudi. Jioni Shefu alitembea kutoka barabarani akiwa na shati lake jeupe na mkoba chini ya kwapa, na watu walimwuliza hata kabla hajafika mlangoni: leo wameenda wangapi?

"Kumi na mbili," alisema siku moja. Nilikuwa msichana wa shule, nimekaa kwenye kizingiti namenya mihogo. Nilishangaa.

"Tata Shefu, ndeke mukubwa vile na batu kumi na mbili tu? Haiko kupoteza bule?"

Alisimama. Alipenda sana maswali, na huo ulikuwa uzuri wake. Wazee wengi wa mtaa wetu ukiwauliza kitu walikutuma maji.

"Kamyo ya makala ikiendaka Mutshatsha, inabebaka nini?"

"Haina kitu. Inaendaka bule."

"Na ikirudia?"

"Makala."

"We ulishaka kuuliza mwenye kamyo juu ya nini anaenda bule?"

Sikuwahi kumwuliza mwenye lori lolote la makala, yaani mkaa. Basi, akasema, na ndege ni hivyo hivyo. Inafuata wale wanaongoja kule, na nyinyi wa hapa mnapandishwa kwa sababu iko njiani. Aliniacha na mihogo yangu, nikajiona nimepewa kitu ambacho wenzangu shuleni hawana.

Kwa miaka alinipa sababu zote, moja moja, kama mtu anayegawa karanga. Kwamba mara nyingine ndege ndogo imeharibika, na shirika linatuma kubwa kwa sababu ndiyo iliyopo. Kwamba lazima irudi kulala kwao, ambako mafundi wake wako, hata kama haina abiria. Kwamba kwenye viwanja vikubwa vya nchi za mbali kila shirika lina saa yake ya kutua, na usipoitumia unanyang'anywa, kwa hiyo wengine hurusha viti vitupu ili wasipoteze saa. Kwamba chini ya miguu ya abiria kuna tumbo, na tumbo likijaa vipuri vya mashine za mgodi, ndege imeshapata kazi yake. "We unaonaka biti," aliniambia. "Mi naonaka tumbo."

Sababu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya hapa kwetu. Kolwezi iko juu, jua likiwaka hewa inakuwa nyepesi, na kiwanja si kirefu. Ndege ikiwa nzito haitanyanyuka kabla lami haijaisha. Kwa hiyo kuna siku, hasa mchana wa joto, ndege yenye viti mia inaruhusiwa kubeba watu thelathini tu, na viti vingine vinabaki vinatazamana. Ndege yenye viti vitupu inaweza kuwa imejaa. Alilirudia neno hilo mpaka hata watoto wa mtaa walilisema wakicheza. Lishike hilo neno, maana ndilo alilokuja kutufungia mlango nalo.

Kipimajoto chake alikibeba ndani ya soksi ya mtoto. Saa nne alikitundika kivulini, saa tano alikitazama, saa sita alikitazama tena na kufanya mdomo kama mtu aliyeonja mchuzi wenye chumvi nyingi. Kisha alichukua kalamu nyekundu. Kalamu ya buluu ilikuwa ya kazi ya kila siku, ile nyekundu ya kuondoa watu.

Na mizani! Pale kwake ulipimwa wewe na mzigo wako na kila ulichoshika. Alikuwa na mizani ya chuma iliyotoka kwenye bohari ya zamani ya mgodi, na kila asubuhi alijipima mwenyewe kwanza ili kuijaribu, baada ya kutoa kalamu zote mbili mfukoni na kuziweka mezani. Akina mama wafanyabiashara walikuwa na ujanja wao. Mmoja alikuja amevaa vitenge sita, kimoja juu ya kingine, ili visihesabiwe katika mzigo, na jasho lilimtoka mpaka Shefu akamwonea huruma akamletea kiti. Kisha akampima na kiti chake, akatoa kilo za kiti, akaandika. Mama yule alicheka mpaka akalia. Wengine walitaka kuvua viatu. Hapana, alisema, viatu pia vinaruka.

Siku moja, nilipokuwa nimeshaanza kufanya kazi chini yake, nilimwona akimrudishia mtawa nusu kilo ya maharagwe. Nusu kilo! Mtawa alisimama na kile kimfuko mkononi kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Siku hiyo hiyo akaingia bwana mmoja wa suti, amezungukwa na simu zake na mlinzi wake, akapita kando ya mizani bila kuitazama. Shefu akaandika themanini. Bwana yule alikuwa na kilo mia na zaidi, hata kipofu angejua kwa kusikia hatua zake. Nilicheka na karani mwenzangu, tukasema mzee naye ni mtu. Sasa nikiikumbuka siku ile sicheki.

Tena jambo jingine, ambalo wengi hawakulijua: hakuwahi kupanda ndege. Mtu huyu aliyejua kila kilo ya kila safari, akitumwa mkutanoni Lubumbashi alikata tiketi ya basi na kurudi na vumbi la Likasi kwenye kola. Nilimwuliza sababu. "Mi najua yote inaweza kuharibika," alisema, na siku hiyo tu hakueleza zaidi.

Nimesema mengi ya kuchekesha. Sasa nije kwenye lile lenyewe.

Yaya yangu, dada mkubwa, mtoto wa kwanza wa mama, aliolewa Kinshasa. Alijifungua mtoto wa tatu na damu haikukoma. Shemeji alipiga simu Jumatatu, akapiga tena Jumanne, na mara ya pili alimpa yaya simu. Yaya alimwita aje kwa maneno mawili tu: "Mama, kuya." Kwetu mtu haendi Kinshasa kwa gari. Ungetumia majuma, na njia yenyewe ukiikuta ni bahati. Ilikuwepo ndege ya Alhamisi, na viti vya kuuzwa vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya joto la Oktoba na mashine iliyokuwa ikirudishwa Kinshasa kwa matengenezo. Mama alivuka ua, akagonga kwa Shefu. Mimi nilikuwa nyuma yake.

Shefu alimkalisha. Alimletea maji yeye mwenyewe, hakumtuma mtu. Akasema:

"Mama, sikia. Kilo ya kwanza itabakia mu hii ndeke, iko yako. Mi njo nasema."

Alhamisi tulifika kiwanjani saa mbili asubuhi. Shefu alimpandisha mama kwenye mizani, na kimfuko chake kidogo, kilo sitini na moja vyote pamoja. Aliandika jina lake kwenye orodha ya wanaongoja, akiwa wa kwanza. Saa nne akatazama kipimajoto, saa tano, saa sita. Ndege ilitua, ikapakiwa, watu wakaitwa. Mama alisimama kila jina lilipotajwa, akakaa tena. Mwishowe Shefu alikuja kwetu, kofia mkononi, jasho kwenye paji.

"Mama, unihurumie. Ndeke imejaa."

Tulisimama kwenye waya wa uzio tukaitazama ikigeuka. Madirisha yalipita mbele yetu, moja baada ya jingine, na nyuma ya mengi hapakuwa na kichwa. Na unajua tulisema nini? Tulisema ni joto. Tulikuwa wanafunzi wazuri. Ndege yenye viti vitupu inaweza kuwa imejaa, tulilijua hilo kama Baba Yetu. Jirani mmoja aliyekuwa amekuja kupokea mzigo alipiga kelele: "Biti iko bule! Mi nimeona na macho yangu!" Mama yangu, machozi yakiwa bado mashavuni, alimgeukia.

"We unajua ndeke kupita Tata Shefu? Haiko yee. Ni kilo."

Yaya alifariki Jumamosi. Ndege iliyofuata ilikuwa ya Alhamisi nyingine, na alikuwa ameshazikwa. Mama alikaa matanga hapa Dilala, sebuleni, na Shefu alikuja siku zote za matanga, akakaa na wanaume uani, akaleta magunia mawili ya makala kwa ajili ya kupikia. Watu walisema, tazama jirani. Mama alisema hivyo pia. Tangu mwaka ule, msimu wa finkubala ukifika, wale viwavi tunaowakausha na kuwala na bukari, yaani ugali, mama alimtengea Shefu bakuli lake kabla ya kutupa sisi. Alisema huyu mtu alijaribu.

Mwaka uliofuata Shefu aliniita kazini. Sikuwa nimeomba. Alinifundisha kila kitu kwa uvumilivu ambao baba yangu mwenyewe hakuwa nao: kusoma joto, kupima, kujaza karatasi ya mzigo, uzito unaoruhusiwa juu, uliopakiwa katikati, uliobaki chini. Na juma la kwanza kabisa alinifundisha desturi ya kituo. Kabla hujaita mtu yeyote anayengoja, unaondoa kilo mia na hamsini, unaandika herufi R kwa kalamu nyekundu, unaziweka kando. Ni kilo za mkubwa. Mkubwa hakati tiketi mapema, hupiga simu saa ya mwisho, au hapigi kabisa, anatokea tu na mlinzi wake. Akikuta hakuna nafasi, wewe kesho huna kazi. Asipokuja, ndege inaondoka nazo.

Nilijifunza hilo nikaandika R yangu, safari hii na safari ile, miaka. Niliwaambia watu imejaa. Na hapa sijui nijicheke au nijipige: sikuwahi hata mara moja kuuliza ile Alhamisi yetu. Kichwani mwangu ile ilikuwa kando na zote, kwa sababu mtu aliyeniambia alikuwa Shefu.

Mvua ndiyo iliyoniambia. Paa la ofisi lilivuja, karto, yale maboksi ya karatasi za zamani, zikalowa, na Shefu akaniambia nizianike uani. Nilizitandaza chini, kila moja na kokoto juu yake. Shefu alikuwa mtu wa kutunza kila karatasi. Nikafika kwenye Oktoba ile. Sikuitafuta, tarehe yenyewe ndiyo iliyonishika, maana ilikuwa siku mbili kabla ya ile ya kifo iliyoandikwa kwenye picha ya yaya ukutani kwetu. Uzito unaoruhusiwa. Uliopakiwa. Chini, kwa wino mwekundu uliosambaa kidogo na maji: R, 150. Hapakuwa na jina la mkubwa. Hakuja. Na kwenye karatasi ya wanaongoja, wa kwanza, mama yangu, 61, mstari juu yake.

Nilikaa chini kati ya karatasi. Magari ya kwenda mgodi wa Mashamba yalipita barabarani na vumbi lake likaja kukaa juu ya wino. Nilikuwa na hasira ambayo haikupata mahali pa kwenda, kwa sababu kila mahali nilipotaka kuipeleka palikuwa na kitu alichonifanyia: kazi, makala ya matanga, glasi ya maji aliyoleta mwenyewe. Alitudanganya kwa ukweli wake. Mwongo wa kawaida tungemshuku.

Jioni nilirudisha karto. Aliuliza, "Zimekauka?" Nikasema zimekauka. Tangu siku ile hadi leo najilaumu kwamba sikumwuliza. Karatasi ya Oktoba niliiweka juu ya zote. Mwaka uliofuata alistaafu, akahamia Mutshatsha kulima mihogo, na funguo za kituo akaniachia mimi. Mama alilia alipoondoka. Sikumwambia. Nilijisemea kwamba kumwambia ni kumzika yaya mara ya pili.

Nilimwona tena mwaka huu, mwanzo wa joto. Mtoto wake alinipigia simu kutoka Kinshasa: baba anaumwa kifua, daktari anamngoja, viti vimefungwa, nifanye ninachoweza. Nilimjibu nitaona. Mama alisikia upande wa pili wa meza, akainuka, akafungasha finkubala kwenye mfuko, akafunga mafundo mawili. "Ya njia," alisema. "Kinshasa bataona wapi ya kwetu."

Shefu alikuja na gari la makala, kwa upande ule linaporudi likiwa limejaa. Alikuwa amekonda, kola ya shati ilimzunguka shingo kama ya mtu mwingine. Alipanda mizani bila kuambiwa. Mkono wake ulikwenda mfukoni kutoa kalamu, haukuzikuta, ukashuka. Kilo hamsini na nne. Niliandika. Nikamkalisha, nikampa mfuko wa mama. Aliujua kwa harufu.

"Mama yako angali ananitumiaka?"

"Kila mwaka. Tata, niliona karatasi ya ile siku."

Aliutazama mfuko. "Nilijua. Uliiweka juu ya zote."

"Juu ya nini ulifanya vile?"

Pumzi ilimpa shida. "Mukubwa moya alituma neno asubuhi. Alisema pengine atakuya. Pengine! Nikawaza: nikipandisha mama, na yee anafika, nitamushusha mama mu ndeke mbele ya batu? Nilimungojea mpaka mulango unafunga."

"Na hakufika."

"Hakufika."

"Juu ya nini haukutuambia? Ungesema tu. Ungesema niliogopa."

Aliinua macho, na nadhani ndiyo mara ya pekee aliyonijibu bila kunifundisha.

"Mulikuwa mumekwisha kuamini."

Nilikuwa nimesubiri jibu hilo miaka, nami nikatamani nisingelipata. Saa sita nilitazama kipimajoto, kile kile, soksi ile ile. Siku hiyo zilibaki mia na hamsini kamili, na simu ya ofisi ililia: msaidizi wa mtu mkubwa, anauliza nafasi. Kalamu nyekundu ilikuwa mbele yangu. Nilisema kwa sauti ya kazi, nikimtazama mzee: "Ndege imejaa." Nikakata simu. Kisha nikamwambia yeye: "Haiyajaa, Tata. Panda."

Alilia, mtu mzima, mikono miwili juu ya mfuko wa finkubala. Nilimshika mkono hadi kwenye ngazi kwa sababu ile ilikuwa ndege yake ya kwanza. Sikumsamehe. Nataka hilo lijulikane, maana watu wakisikia hadithi hii wanaharakisha kunisifu. Kwenye ngazi ya kwanza aligeuka, nikafikiri atanipa neno la kumpelekea mama.

"Usiambie mama," alisema. "Eko muzee sasa."

Nilirudi Dilala kwa pikipiki. Ndege ilikuwa imeshapita, na mama alikuwa bado uani, mkono mmoja juu ya macho, kama mtu aliyekuwa akipunga.

"Alichukua finkubala?"

"Alichukua."

"Ndeke ilijaa?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, nimesimama, kofia ya pikipiki bado kichwani: Alhamisi yetu, kalamu nyekundu, mkubwa aliyesema pengine. Nilipomaliza alikaa kwenye kizingiti, akavuta kitenge chake kikafunika magoti.

"Ile siku yetu zilibakia kilo ngapi?"

"Mia moja na hamsini, mama."

Midomo yake ilihesabu bila sauti, kuanzia sitini na moja. Mtoto wa jirani alipita akisukuma tairi, akatusalimu, mama akamwitikia vizuri. Kisha akanitazama.

"Mi nilitosha mara mbili," alisema.